Majibu ya HPV yametoka chanya: si saratani, na si ushahidi wa kuchepuka

NesiWaZamu (mleta uzi):

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mada hii inapoguswa kwenye nyuzi za watu inazama katikati ya matusi na utani, nikaona niifungulie uzi wake. Mwanamke anapima, karatasi inarudi imeandikwa "HPV chanya", nyumba inawaka moto siku hiyohiyo. Yeye anaanza kugawa urithi, mume anaanza kupekua simu. Wote wawili wamesoma kitu ambacho karatasi haikusema.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Nitaeleza ninayoyajua, maswali yafuate. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma kuna jukwaa la michezo.

HPV ni ukoo mzima wa virusi, aina zilizokwisha kutambuliwa zinazidi 200. Nyingine huotesha sunzua za vidoleni na nyayoni, na hazina habari na kizazi cha mtu. Nyingine hupenda sehemu za siri. Katika hizo, aina ya 6 na ya 11 ndizo huotesha sunzua za huko chini: zinakera, zinaaibisha, lakini saratani si kazi yao. Halafu ziko kama 14 tunazoziita hatarishi. Hazioteshi kitu, haziwashi, haziumi. Humo ndimo ilimo ya 16 na ya 18, na hizo mbili tu zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani.

Yaani ile inayoonekana na kukutia aibu kwa kawaida haiui, na inayoua haionekani.

Vinaenea kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu inapunguza, haizibi kila kitu, maana haifuniki ngozi yote. Wengi wa waliowahi kufanya mapenzi, wanaume kwa wanawake, wamewahi kuvibeba wakati fulani na hawakujua. Narudia: wengi. Mwenza mmoja tu katika maisha yote anatosha. Na kwa kuwa havizunguki kwenye damu, ukienda kupima damu hutaviona hata kama vipo.

Sasa sehemu ambayo watu huwa hawaambiwi. Katika maambukizi kama tisa kwa kumi, kinga ya mwili inavidhibiti yenyewe ndani ya miaka miwili hivi, kipimo hakivioni tena. Bila dawa, bila kujua. Saratani inatokana na wale wachache ambao aina hatarishi imeng'ang'ania kwao mwaka baada ya mwaka.

Inang'ang'ania wapi? Mlango wa kizazi una ukanda ambapo seli laini za ndani ya njia ya kizazi zinakutana na seli ngumu za upande wa uke. Seli za pale ziko kwenye mabadiliko muda wote, hasa ujanani. Kirusi kinapita kwenye mchubuko mdogo usiouhisi, kinashuka hadi tabaka la chini kabisa, kinakaa. Kwa kawaida kinapanda juu pamoja na seli zinavyokua, kinazaliana, kinatoka na seli zinazobanduka. Hakiui seli, hakileti uvimbe wala homa, ndiyo maana kinga inachelewa kukishtukia.

Shida inaanza pale vinasaba vya kirusi vinapojipachika ndani ya vinasaba vya seli yako. Kirusi kina protini mbili, E6 na E7. Kawaida kinazitoa kwa kipimo, kwa sababu kina protini nyingine, E2, inayozizuia. Wakati wa kujipachika ile E2 mara nyingi ndiyo inayovunjika. Basi E6 na E7 zinamwagika bila kipimo. E7 inaishika protini yako iitwayo Rb, ambayo ndiyo breki ya seli kujigawa. E6 inaiharibu p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika au kuiamuru ife. Seli ikikosa vyote viwili inajigawa ovyo, na kila ikijigawa makosa yanaongezeka.

Lakini hata hapo bado si saratani. Kwa mwenye kinga nzuri, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano VVU visivyotibiwa, inaweza kuwa 5 hadi 10. Njiani kuna mabadiliko ya awali ambayo yanaonekana na yanatibika siku moja, mtu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Ndiyo maana inauma kuona kwamba mwaka 2022 pekee wanawake kama 350,000 walikufa kwa ugonjwa huu duniani, wengi mno kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa unaotoa onyo la miaka kumi na zaidi!

Karibuni.

KobeMzee:

Nimewahi siti ya mbele. Nasoma taratibu.

Mshenga77:

Nesi, nakuuliza kama mume, naomba nisichekwe. Mke wangu kapima, majibu chanya. Tuko kwenye ndoa zaidi ya miaka kumi. Mimi sijatoka nje, naapa. Yeye anaapa hajatoka nje. Sasa kisayansi, vimetoka wapi? Maana kila nikijaribu kulala hesabu inagoma.

NesiWaZamu:

Mshenga77, hakuna wa kukucheka, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, tofauti ni kwamba wanaume wengi hawaulizi, wanahukumu.

Hesabu inagoma kwa sababu unahesabu kuanzia siku ya kipimo. Kipimo kinasema virusi vipo leo. Hakisemi vimeingia lini wala vimetoka kwa nani. Aina hatarishi inaweza kujibana kwenye lile tabaka la chini kwa miaka, ikiwa kidogo kiasi kwamba hakuna kipimo kinachoiona, halafu ikainuka kinga inapolegea kidogo, kwa umri au kwa maradhi mengine. Inawezekana mkeo aliipata kabla hamjajuana. Inawezekana wewe uliipata kabla hamjajuana, ukaja nayo kwenye ndoa bila kujua. Kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kinachotumika kuchunguza watu wasio na dalili, kwa hiyo usiende kusumbua maabara ukitafuta cheti cha usafi.

Siwezi kumwapia mkeo, na siwezi kukuapia wewe. Ninachosema ni kwamba kipimo hiki hakikutengenezwa kwa kazi ya upelelezi, na ukikitumia hivyo utapata jibu la uongo. Msindikize arudi kwa hatua inayofuata. Hiyo ndiyo hesabu yenye tarehe.

JichoPembe:

Hahaha, hapo wanawake wamepata wakili. Kila kitu "kiliingia kabla ya ndoa".

NesiWaZamu:

Na wanaume pia, mkuu. Soma tena.

MamaPacha:

Mimi nina la kwangu. Niliambiwa chanya na mhudumu ambaye hata usoni hakuniangalia. Akaniambia "haya ndiyo malipo ya kupenda mambo", akageukia mgonjwa mwingine. Sikuambiwa kurudi lini, sikuambiwa nifanye nini. Nilitoka pale nikaichana karatasi. Mpaka leo sijarudi. Hebu nieleze, walipaswa kunifanyia nini?

NesiWaZamu:

Pole sana dada. Hilo neno halikuwa na haki ya kutoka kwenye mdomo wa mtu aliyevaa sare, na wengi wanaopotea njiani wanapotezwa na maneno kama hayo, si na kirusi.

Walichopaswa kukufanyia ni hiki. Ukishakuwa chanya, mlango wa kizazi unatakiwa utazamwe. Unapanda kitandani, kinaingizwa kifaa cha kupanulia uke (chuma au plastiki, baridi kidogo, ukijikaza kinauma, ukipumua taratibu hakiumi sana). Taa inaelekezwa ndani. Mlango wa kizazi unaonekana kama kitu cha mviringo, rangi ya waridi, katikati kitundu. Tunaufuta ute, kisha tunaupaka kwa pamba maji ya siki, asidi ile ile ya siki ya kawaida ila imepimwa, asilimia 3 hadi 5. Halafu tunasubiri dakika moja nzima. Ile dakika ni muhimu na ndiyo mgonjwa huwa ananiuliza "mbona kimya?" Seli za kawaida zinabaki waridi. Seli zilizobadilika zina protini nyingi na kiini kikubwa, kwa hiyo zinageuka nyeupe, doa zito lenye ukingo, karibu na kile kitundu. Unaliona kwa macho yako.

Hakuna doa? Unarudi kupimwa HPV baada ya miaka miwili, kuona kama kinga imeshavimaliza. Kama unaishi na VVU, mwaka mmoja.

Kuna doa, dogo, linaonekana lote na halina sura ya saratani? Linachomwa kwa kifaa cha joto la nyuzi 100 hivi, muda usiofika dakika moja kila kinapogusishwa, au linagandishwa kwa baridi kali. Unahisi maumivu kama ya hedhi. Utatokwa majimaji kwa wiki chache, utakaa bila tendo wiki 4 hadi 6, na baada ya mwaka unapimwa tena. Doa likiwa kubwa au likiingia ndani ya njia, linakatwa kwa waya wa umeme kwa ganzi, na kinyama kinapelekwa maabara. Sura ikitia shaka ya saratani, hatuchomi kitu. Tunachukua kinyama na kukupa rufaa.

Kuna sehemu nyingine wanamtibu kila aliye chanya bila hatua ya kuangalia siki, hasa wanapojua kumrudisha mgonjwa ni kazi. Nazo ziko ndani ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo ukiona utaratibu umetofautiana na niliosema, usidhani unatapeliwa.

Rudi dada. Nenda kituo kingine, karatasi iliyochanwa haihitajiki, watakupima upya.

MamaPacha:

Asante. Na kama siwezi tena kuvumilia kile kifaa?

NesiWaZamu:

Kwa kipimo cha HPV chenyewe huhitaji kifaa. Unapewa kijiti laini chenye pamba au brashi, unaingia faragha, unakiingiza mwenyewe ukeni, unakizungusha mara kadhaa, unakirudisha kwenye kichupa. Sampuli aliyojichukulia mwanamke, ikipimwa kwa njia ya kisasa ya vinasaba, ni ya kuaminika karibu sawa na ya daktari. Ukitoka hasi, kifaa hukioni kabisa na unakaa miaka mitano au zaidi. Ukitoka chanya ndipo tutahitaji kuangalia.

MzeeWaMaktaba:

Nesi umeeleza vizuri, ila umeruka historia, na mimi ndiyo ugonjwa wangu. Niruhusu.

Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alikaa na daftari za vifo vya mji wa Verona. Akaona saratani ya kizazi inawaua wanawake walioolewa na wajane, lakini masista wa kanisa inawakwepa. Saratani ya matiti, kinyume chake, kwa masista ilikuwa juu. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha kirusi, ila daftari lilishasema: kuna kitu kinapita kwenye tendo la ndoa.

Zaidi ya karne ikapita. Kufikia miaka ya 1970 mshukiwa mkuu alikuwa kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Mjerumani Harald zur Hausen akatafuta hicho kirusi kwenye vinyama vya saratani, hakukipata. Akasema basi ni jamii ya virusi vya sunzua. Wengi hawakumwamini, kwa sababu ile inayojulikana kuotesha sunzua za sehemu za siri haikuonekana kwenye saratani. Yeye akashikilia kwamba ukoo una ndugu wasiofahamika. Mwaka 1983 kundi lake likamtoa wa 16, mwaka uliofuata wa 18. Mwaka 1999 ukachapishwa uchambuzi wa vinyama vya saratani kutoka nchi nyingi: HPV ilikuwa ndani ya asilimia 99.7. Mwaka 2008 akapewa nusu ya tuzo ya Nobel ya tiba. Nusu nyingine walipewa Wafaransa wawili waliogundua VVU, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier.

Na kuna mtu mwingine ambaye hakupewa kitu. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, alifariki Oktoba 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 31. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikawa seli za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabara bila kikomo, na maabara za dunia nzima zinazitumia mpaka leo. Miaka ya 1980 walipozichunguza, wakakuta ndani yake nini? HPV 18. Imejipachika. Na baadaye ikaonekana kwamba ukizizima E6 na E7 ndani ya seli hizo, zinaacha kujigawa. Baada ya miaka yote hiyo ya kuishi kwenye chupa, bado zinategemea protini mbili za kirusi. Mimi sijaona ushahidi mkali kuliko huo.

NesiWaZamu:

Mzee, umenipa kitu cha kuwasimulia wanafunzi wangu.

TabibuAsilia:

Ndugu zangu msihangaike na kuchomwachomwa. Ninayo dawa ya mizizi inasafisha HPV kabisa ndani ya miezi mitatu. Nina shuhuda za kutosha, waliokuwa chanya wakapima wakawa hasi. Njoo PM.

NesiWaZamu:

Shuhuda nakuamini unazo, mkuu. Mtu yeyote angekuwa nazo. Nimesema juu kabisa kwamba walio wengi wanakuwa hasi wenyewe ndani ya miaka miwili. Ukiwapa mizizi watakuwa hasi, ukiwapa maji ya kunywa watakuwa hasi, na wote watakushukuru. Wasiokushukuru ni wale ambao kirusi kiling'ang'ania, wakakaa wakinywa dawa yako huku doa likikua, na hao hawaandiki shuhuda.

Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kukiua kirusi cha HPV mwilini, ya hospitali wala ya porini. Tunachotibu ni seli zilizobadilika. Na wanaoweka vitu ukeni, vitunguu, unga wa mizizi, sabuni, dawa za kubana, wanachubua ngozi ile ile ambayo kirusi kinatafuta mahali pa kupenya. Naomba msiende PM.

JichoPembe:

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na nesi.

BabaBinti:

Swali la chanjo. Binti yangu ana miaka 12. Shuleni wameleta fomu nisaini. Huku mtaani naambiwa chanjo hii inafunga kizazi, wengine wanasema ni kumpa mtoto ruhusa ya kuanza mapenzi. Na kama ni ugonjwa wa zinaa, kwa nini achomwe sasa wakati hajui lolote?

NesiWaZamu:

BabaBinti, nianze na la mwisho. Anachomwa sasa kwa sababu hajui lolote. Chanjo inazuia kirusi kuingia. Haiondoi kilichokwisha kuingia wala haitibu doa. Ukimchanja baada ya kuambukizwa aina ya 16, kwa aina hiyo umeshachelewa. Isitoshe, mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 unatengeneza kinga nyingi kuliko wa mtu mzima kwa dozi ile ile.

Kilichomo ndani ya sindano ni ganda tupu. Ganda la kirusi limeundwa na protini iitwayo L1, na ukiitengeneza maabara, vipande vinajipanga vyenyewe vikawa duara linalofanana na kirusi. Ndani hamna vinasaba, kwa hiyo hakiwezi kuambukiza, hakina E6 wala E7. Mwili unaona duara, unatengeneza askari. Hakuna kinachokwenda kwenye mayai wala mji wa mimba. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2006, wasichana wa wakati huo sasa ni akina mama, na uchunguzi umefanywa tena na tena bila kukuta ugumba uliosababishwa nayo. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe na tiba yake: kizazi kinatolewa, au mionzi inazima mayai.

Kuhusu ruhusa ya mapenzi: tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hazikuona waliochanjwa wakianza mapema. Mtoto anakumbuka sindano iliuma bega, basi.

Matokeo? Uingereza, wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 saratani ya mlango wa kizazi ilipungua kwao kwa asilimia 87 ikilinganishwa na waliotangulia kabla ya chanjo. Utafiti wa Uskoti uliotoka mwaka 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hiyo kati ya waliochanjwa kikamilifu katika umri huo. Sifuri.

Madhara yapo: bega kuuma, homa ndogo, na mabinti kuzirai kwa woga wa sindano. Ndiyo maana tunawakalisha dakika 15 kabla ya kuwaruhusu.

BabaBinti:

Fomu inasema dozi moja. Zamani si zilikuwa tatu?

NesiWaZamu:

Zilikuwa tatu, zikawa mbili, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja au mbili kwa walio na miaka 9 hadi 20. Mojawapo ya ushahidi uliosukuma hilo ni utafiti uliofanywa Kenya kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20: dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka na nusu wa kwanza. Si kwamba wanakupunja. Waliozidi miaka 20 ni mbili, zipishane miezi sita. Wenye kinga dhaifu mbili au, ikiwezekana, tatu.

Akishachanjwa, mwambie mapema kwamba akifika miaka 30 bado atapima. Chanjo haifuniki aina zote hatarishi.

Kijana_wa_Kazi:

Na sisi wanaume tumesahaulika? Au tunabeba tu?

NesiWaZamu:

Mnabeba na mnaugua. HPV, hasa ya 16, inasababisha saratani ya koo upande wa nyuma wa ulimi na mafindofindo, ya njia ya haja kubwa, na ya uume. Baadhi ya nchi zinachanja wavulana pia, Australia tangu mwaka 2013. Penye chanjo chache wasichana wanatangulizwa kwa sababu kwao ndiko kifo kilipo zaidi, na wakichanjwa wengi, wanaume wanaowaoa wanafaidika.

Na kama unavuta sigara, wewe au mwenza wako, acha. Kwa mwanamke mwenye HPV sigara inaongeza hatari.

Tumaini_La_Kesho:

Nesi, mimi naishi na VVU, natumia dawa vizuri, kirusi kimefubaa. Nina miaka 27. Niliambiwa nianze kupima mlango wa kizazi, nikajibu nasikia ni kuanzia 30. Nani sahihi?

NesiWaZamu:

Waliokuambia ndio sahihi, dada. Kwa wanaoishi na VVU tunaanza miaka 25, na ukiwa hasi unarudia kila baada ya miaka 3 hadi 5, wakati wengine wanaanza 30 na kurudia kila miaka 5 hadi 10. Sababu ni kwamba wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kama mara sita ya kupata saratani hii. Kinga ikishuka HPV haifukuzwi, na mabadiliko yanakwenda mbio. Kufubaza kirusi kunakusaidia sana, lakini hakufuti miaka ambayo kinga ilikuwa chini kabla hujaanza dawa. Unganisha na siku yako ya kliniki, usisubiri miaka mitatu ijayo.

Chanjo kwa umri wako bado unaweza kupata, na ukiwa chanya usiogope ukiona unapimwa mara nyingi kuliko wenzako. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa wote mnaosoma kimya: hizi tarehe ni za mtu asiye na dalili. Ukitokwa damu baada ya tendo, katikati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, ukitokwa uchafu wenye harufu kali usiokoma, usiulize umri wako unaruhusu kipimo gani. Nenda uangaliwe wiki hiyohiyo. Na pale usikubali kuishia na kijiti cha HPV tu. Unahitaji macho ya mtu na pengine kinyama.

Bi_Mkubwa:

Wanangu nimesoma wote, mmenifundisha. Mimi nina miaka 58. Nilitolewa kizazi zamani kwa ajili ya uvimbe wa kawaida, si saratani. Binti yangu ananishikia bango nikapime. Hivi mtu asiye na kizazi anapima nini?

NesiWaZamu:

Shikamoo mama. Inategemea walikutoa nini. Kuna upasuaji unaoondoa kizazi pamoja na mlango wake, na kuna ule unaoondoa kizazi cha juu na kuuacha mlango pale pale. Kama mlango ulitolewa, na hukuwahi kuwa na mabadiliko ya awali, huhitaji tena kipimo hiki. Kama uliachwa, uko sawa na wengine.

Kama hukumbuki na karatasi ya upasuaji haipo, muuguzi akikuangalia mara moja kwa kile kifaa atajua. Mlango ukiwepo, mwombe kipimo cha HPV, kile cha kijiti. Siki kwa umri wako haifai sana, kwa sababu baada ya hedhi kukoma ule ukanda unaobadilika unarudi ndani ya njia na hatuuoni wote. Ukitoka hasi mara mbili mfululizo kwa nafasi inayotakiwa, baada ya miaka 50 unaruhusiwa kuacha, na binti yako hatakuwa na la kukushikia bango.

Bi_Mkubwa:

Marahaba. Nitamwambia anipeleke Jumatatu.